Msanii wa rock anayejitegemea: Ani DiFranco aliwezaje kukaa bila lebo kubwa miaka yote hii?

Nyuzi Sita (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo yenu maana kichwa kimejaa.

Mimi naandika nyimbo zangu mwenyewe, naimba na kupiga gitaa, muziki wangu ni rock, mara chache na bendi ila mara nyingi niko peke yangu na gitaa tu. Sasa kuna lebo moja, yaani kampuni ya kutoa muziki (jina naliweka pembeni) wamesikia demo yangu wakanitumia mkataba. Albamu tatu, advansi (hela ya awali) wanatoa mwanzoni, masta zote (rekodi zenyewe) zinakuwa zao moja kwa moja, halafu kuna kipengele kinasema wao ndo wenye neno la mwisho wimbo upi utoke na upi ukae kabatini. Hicho cha mwisho ndo kinaninyima usingizi.

Katika kusoma soma nikakutana na habari za Ani DiFranco wa Buffalo, Marekani, ambaye toka 1990 anatoa albamu zake kupitia lebo yake mwenyewe, Righteous Babe, na mpaka leo yupo, albamu za studio zimeshapita 20. Nimesikiliza usiku kucha. Sasa nataka kujua kihalisia alifanyaje, yaani hela ya kwanza ilitoka wapi, nani alikuwa anasambaza, nani anapokea simu wakati yeye yuko barabarani? Na je hiyo njia bado ipo zama hizi za kustrimu au ilikuwa ya zama za kaseti na mlango ushafungwa?

Wenye uzoefu shukeni, hata mnaotaka kunipinga karibuni tu.

---

Mzee wa Kaseti

Karibu sana mdogo wangu, umegusa mtu ninayemfuatilia miaka mingi kwa hiyo univumilie nitaandika kirefu.

DiFranco kabla ya lebo alikuwa anapiga muziki kwenye baa. Gitaa kaanza utotoni, akiwa na miaka 9 tayari mwalimu wake wa gitaa, Michael Meldrum, anaenda naye kupiga kwenye baa za Buffalo, kwenye 14 hivi anaandika za kwake, akafika 15 mama yake akahamia jimbo lingine yeye akabaki, akatambuliwa kisheria kuwa anajitegemea. Kwa hiyo mtu akikwambia "alianzisha lebo ana miaka 19 tu" muelewe kwamba huyo binti wa miaka 19 alikuwa na miaka kumi ya jukwaa, anajua kumnyamazisha mlevi wa kaunta kwa gitaa moja. Hapo watu wanaruka sana na mimi naona nusu ya jibu lako iko hapohapo.

1990 ikatoka kaseti ya kwanza, ina jina lake, ndani ni sauti yake na gitaa lake basi. Ukirekodi kitu cha namna hiyo hulipi bendi, hulipi wiki nzima za studio, hulipi prodyuza mwenye jina, unaingia unapiga nyimbo zilezile ulizozipiga mara mia mbele ya watu unatoka. Ndo maana nasema hela ya kwanza haikuhitajika nyingi. Na wateja wa kwanza walikuwa wale waliokuwa wanamfuata baada ya shoo wanamuuliza hizi nyimbo tunazipata wapi, maana redio haikuzipiga na dukani hazikuwepo.

Baada ya hapo ni barabara. Anaendesha mwenyewe mji hadi mji, anapiga vyuoni, kwenye baa, kwenye matamasha ya folk, kaseti ziko kwenye gari. Mwanafunzi ananunua moja anarudi nayo bweni, wenzake wanadurufu, na yule mwenye lebo hakuwa na la kusema kuhusu kudurufu kwa sababu mwenye lebo ndo huyohuyo msanii na alijua akirudi kwenye chuo kile mara ijayo ukumbi utakuwa na watu wanaojua maneno yote. Kwa miaka kadhaa alizunguka na mpiga drums mmoja tu, Andy Stochansky, wawili hao ndo bendi nzima. Baadaye akaongezeka Sara Lee kwenye besi, yule aliyewahi kupiga na bendi ya Gang of Four.

Wasambazaji walikuja nyuma ya mashabiki. Alianza na wasambazaji wadogo wa kujitegemea, maduka yakaanza kuagiza kwa sababu wateja wanauliza, ndo wakubwa wakajitokeza. Lebo kubwa zilikuja na karatasi zao pia, akakataa.

Sasa angalia matokeo: albamu ya laivu ya diski mbili ya 1997, Living in Clip, ikapata cheti cha dhahabu Marekani. Laivu! Ya mtu asiye na lebo kubwa! 1998 Little Plastic Castle ikaingia chati ya Billboard moja kwa moja namba 22. Hakuna aliyempa hiyo, ni miaka ya barabara imekusanyika pamoja.

Kuhusu nani anapokea simu: alikuwa na rafiki yake Buffalo anayemsimamia, ofisi ikawa hapohapo Buffalo wakati yeye alishahamia New York (na huko New York alikuwa anasoma madarasa ya ushairi pale chuo cha The New School kwa mshairi Sekou Sundiata, baadaye lebo yake ikaja kutoa kazi za mwalimu wake huyo, mimi hilo nalipenda sana). Kazi za kuchapa na kutengeneza waliwapa watu wa mji wao kadiri walivyoweza. Halafu lebo ikakua mpaka wakaliokoa kanisa la zamani lililokuwa linaelekea kubomolewa wakalifanya ukumbi wa shoo na ofisi, ndo hiyo Babeville.

Kwa hiyo usidhani kujitegemea ni kukaa peke yako na laptopu, yule mama ni mwajiri.

---

Kinara wa Hoja

Naheshimu maelezo ya mzee hapo juu ila wacha nipinge kidogo maana mleta mada amekaribisha.

Hizi hadithi tunazosimulia ni za waliofanikiwa. Wako wengi waliokuwa na gari, kaseti na gitaa miaka ileile ya 90 na hakuna anayewajua leo na hawakuwa wabovu. Halafu ukiangalia wengi wanaotajwa kama mifano ya kujitegemea, walijengwa kwanza na lebo. Chukua mwimbaji Aimee Mann, kila mtu anamtaja, lakini yule alikuwa na bendi ya 'Til Tuesday miaka ya 80 wakiwa lebo kubwa, wimbo wao ulivuma 1985, kwa hiyo alipokuja kujitegemea alikuwa na watu wanaomjua tayari. Chukua mwimbaji Amanda Palmer, 2012 alichangisha karibu dola milioni 1.2 kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter kutoka kwa watu kama elfu 25, watu wakashangilia wakasema lebo zimekufa, lakini bendi yake, The Dresden Dolls, walikuwa lebo ya Roadrunner miaka kadhaa wakazunguka dunia, wale watu elfu 25 hawakuota usiku mmoja. Na hata yeye alipoita wapiga vyombo wajitolee kwenye ziara yake bila malipo lilizuka zogo kubwa mpaka akaamua kuwalipa.

Ninachosema ni hiki, dada, lebo inatoa kitu. Inatoa hela ya kurekodi, inatoa mtu wa kupiga simu redio, inakuingiza kwenye ziara ya msanii mkubwa ukafungue shoo. Usiikatae kwa sababu ya hadithi nzuri ya mtu mmoja. Pima.

---

Besi Nzito

Kinara umesema kweli kwamba lebo inatoa kitu, lakini hujasema inatoa kwa bei gani, na hapo ndo kwenye mkataba wa huyu dada.

Advansi ni deni. Sio mshahara na sio zawadi. Tuseme wamekupa 100 na mgao wako ni 15 kwa kila 100 inayoingia. Ile 100 yao hairudi kutoka kwenye mapato yote, inarudi kutoka kwenye ile 15 yako. Piga hesabu, mpaka deni liishe albamu inatakiwa iingize 660 na kitu. Yaani lebo ishapokea zaidi ya mara sita ya ilichokupa na wewe kwenye makaratasi bado unadaiwa, na hapo mara nyingi gharama za studio, video na ziara nazo zinawekwa kwenye deni hilohilo. Na kwa kuwa ni albamu tatu, angalia kama wameandika deni la albamu ya kwanza linabebwa kwenda ya pili na ya tatu. Nina hakika wameandika, wewe tafuta tu.

Steve Albini, mrekodi maarufu wa bendi za rock Marekani (Mungu amrehemu, alifariki 2024), aliandika makala 1993 akapiga hesabu ya bendi ya kufikirika iliyosaini lebo kubwa, kila mtu kwenye mnyororo anaonekana kalipwa, mwanasheria, meneja, prodyuza, lebo yenyewe, ukifika mwisho wale wanaopiga vyombo wanabaki na kitu kidogo kuliko muuza duka. Yeye mwenyewe aliporekodi bendi za watu alikataa mrabaha, anachukua ada yake ya kazi basi, kwa sababu aliona si haki kuendelea kula kwenye jasho la bendi wakati kazi yake imeshaisha. Mtu wa aina hiyo akikuonya kuhusu karatasi, sikiliza.

Sasa huo mfano wa Aimee Mann uliotolewa, naomba niumalizie kwa sababu umeishia katikati na nusu iliyobaki ndo inamhusu mleta mada. Baada ya bendi alienda solo, lebo aliyokuwepo ikafa, akahamia Geffen, 1999 Geffen ikamezwa na kundi la Interscope. Albamu yake ya Bachelor No. 2 imeshakamilika, wakubwa wapya wakasikiliza wakasema hatuoni hit hapa, rudi kaandike. Kipengele kilekile unachokiogopa dada, neno la mwisho. Akakataa, akazinunua masta zake zikawa zake, akaanzisha lebo yake, SuperEgo, 2000 akaitoa mwenyewe, anauza kwenye shoo na kwenye tovuti. Wakati huohuo nyimbo zake kwenye filamu ya Magnolia zikampa uteuzi wa Oscar. Kwa hiyo ni kweli alikuwa na jina, ila hilo jina halikumsaidia kitu ndani ya lebo siku mwenye lebo alipobadilika. Na hilo ndo la kujiuliza, yule aliyependa demo yako akiacha kazi mwezi ujao, nani mle ndani anakujua?

---

Binti wa Mikisa

Shikamooni wakubwa. Mimi nikae kwenye swali la pili kama mlango umefungwa maana nyie wote mnaongelea kaseti na CD.

Haujafungwa, umehamishwa. Will Toledo wa Car Seat Headrest alianza 2010 peke yake, anajirekodi, na jina la bendi lilitokana na kwamba alikuwa anarekodi vokali nyuma ya gari ili apate faragha, akawa anapandisha albamu moja baada ya nyingine Bandcamp, tovuti ambayo msanii anauza muziki wake mwenyewe, zaidi ya kumi, bila lebo yoyote. Nyingine ni mbaya kiufundi, sauti zimejaa kelele, ila uandishi uko pale. Watu wakaanza kuambiana. Matador wakamsaini 2015 na hapo alikuwa anaingia mlangoni na hazina ya nyimbo na mashabiki wake, mpaka 2018 akairekodi upya albamu yake ya 2011 Twin Fantasy kwa vifaa vizuri. Matador yenyewe ni lebo huru sio jitu kubwa, lakini naona somo ni kwamba kusaini sio dhambi, ni swali la unasaini ukiwa umeshika nini mkononi.

Sasa hesabu ya leo, na hapa niwe mkweli. Kustrimu peke yake kwa msanii mdogo wa rock ni hela ya kuchekesha. Spotify toka 2024 wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa mrabaha wa rekodi. Bandcamp wanachukua 15 kwa 100 kwenye muziki wa kidijitali na 10 kwenye vitu vya kushika kama fulana na vinyl, kwa hiyo mtu mmoja akinunua albamu yako pale inashinda strimu nyingi sana za mtu huyohuyo. Kwa maoni yangu strimu itumie kama redio, mtu akusikie, halafu mpeleke sehemu anayoweza kununua, na zaidi ya yote mpeleke kwenye orodha yako ya barua pepe.

Hiyo orodha naomba usiidharau. Mimi nafanya sauti kwenye shoo ndogo ndogo na nimeona tofauti kwa macho. Kuna wanaoshuka jukwaani wanaenda kujificha nyuma, na kuna wanaoshuka na jasho lao wanasimama kwenye meza, CD na fulana zimepangwa, daftari la kujiandikisha lina kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe, na kila anayekuja wanamuuliza jina wanamuangalia usoni. Hao wa daftari wakirudi ukumbi unakuwa umeongezeka. Wale wa kwanza wana wafuasi wengi mtandaoni ila mtandao ukibadilisha mambo yake post zao hakuna anayeziona, na hawana hata namba moja ya mtu wa kumwambia tunakuja Ijumaa.

Ukifikiria, hicho ndo DiFranco alichokuwa anafanya na kaseti.

---

Kinara wa Hoja

Binti umenijibu vizuri na hiyo ya kuingia na mashabiki wako nakubaliana nayo asilimia mia. Nabaki na hoja moja tu, muda. Msanii anayejibu barua pepe, anabuka shoo, anapaki fulana, anapiga hesabu, nyimbo anaandika saa ngapi? DiFranco mwenyewe miaka ya 90 magazeti ya biashara yalikuwa yanamsifia kama mfanyabiashara mpaka ikamuudhi, 1997 akawaandikia barua ya wazi Ms., jarida la haki za wanawake, akilalamika kwamba wanapima anachoingiza kwa kila albamu badala ya kuangalia muziki wake. Kwa hiyo hata yeye hiyo kofia ya pili ilimbana.

---

Mzee wa Kaseti

Kinara hiyo barua naijua na nakubali ilimbana, lakini angalia alichofanya na hiyo kofia. Lebo haikuishia kuwa kabati la albamu zake. Andrew Bird alitolea pale, na 2010 wakatoa Hadestown ya Anaïs Mitchell wakati ni mradi wa folk wa kuhadithia kisa cha Wagiriki ambao lebo ya kawaida ingeuliza hit iko wapi, DiFranco mwenyewe akaimba sehemu ya mhusika Persephone. 2019 kitu hicho kiko Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, kinachukua tuzo 8 za Tony pamoja na ile ya tamthilia bora ya muziki, na 2024 DiFranco akaenda kuigiza Persephone huyohuyo pale Broadway. Ungekuwa na bosi juu yako mwaka 2010 ungeruhusiwa? Mimi nasema hapana.

Ila la muda ni kweli na dawa yake ninayoijua ni kugawana kazi mapema. Rafiki mmoja mwaminifu anayejua hesabu, mpe asilimia yake iliyoandikwa, abebe simu. Usisubiri uwe mkubwa.

---

Nyuzi Sita (mleta mada)

Aisee nawashukuru sana, shikamoo mzee wangu. Nimesoma yote mara mbili na nimerudi kwenye mkataba. Besi Nzito deni la albamu ya kwanza linabebwa kweli, liko ukurasa wa tano limeandikwa kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapita.

Naomba niongeze mawili. La kwanza, wanataka masta, lakini kuna ukurasa mwingine unaongelea haki za utunzi, hivi ni vitu viwili tofauti? La pili ni la gitaa. Nikiwa peke yangu jukwaani nahisi sauti ni nyembamba, rock bila drums inapwaya, na DiFranco akiwa na gitaa akustiki tu anasikika kama watu watatu. Anafanyaje?

---

Kapo ya Tatu

La gitaa niachieni mimi.

Mkono wa kulia ndo siri. Hapigi kwa piki, anapiga kwa vidole vyenye kucha za bandia zilizogundishwa na kuzungushiwa tepu ile nyeusi ya umeme, kwa sababu kwa nguvu anayotumia kucha za kawaida haziwezi kuhimili shoo moja. Kidole gumba kinabeba nyuzi za chini kama besi, vidole vingine vinachomoa nyuzi za juu kwa ghafla, na katikati kiganja kinakata sauti kwa hiyo unasikia "chk" kama ngoma ya snea. Ukimya kati ya noti ndo unaleta ile hisia ya drums. Wengi tunaopiga peke yetu tunaogopa ukimya tunajaza kila nafasi kwa kustramu, ndo maana inapwaya, hakuna pa kupumua na hakuna pa kupigia.

Halafu anatumia tyuningi (namna ya kukaza nyuzi) tofauti tofauti, analegeza uzi wa sita mpaka unanguruma, nyingine anaziweka ili nyuzi wazi ziendelee kulia wakati vidole vinahama. Gitaa moja linajaza chumba. Hasara yake ni kwamba huwezi kubadili tyuningi katikati ya shoo kila dakika tatu, watu watalala, kwa hiyo anabadilisha magitaa. Wewe anza kwa kupanga nyimbo zako kwa makundi, tatu za tyuningi moja zifuatane, ndo uhamie nyingine, na ujifunze kuongea na watu wakati unatyuni bila kuangalia chini.

Nikupe na onyo. 2005 alilazimika kuacha ziara kwa miezi kadhaa, kano za mikono zilikuwa zimeumia kwa kupiga namna hiyo miaka na miaka. Kwa anayejitegemea mikono ndo kiwanda, ukisimama wewe kila kitu kimesimama, na hakuna kipengele cha likizo ya ugonjwa. Pasha mikono moto kabla ya shoo, ukisikia maumivu yanayopanda kwenye kiwiko acha siku hiyo, usijikaze kishujaa.

---

Besi Nzito

Kuhusu haki, ndiyo ni vitu viwili na ni vizuri umeuliza kabla ya kusaini.

Masta ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studio. Utunzi ni wimbo, maneno na melodi, hata kama haujarekodiwa popote. Mtu mwingine akiimba wimbo wako, mwenye masta ya zamani hapati kitu, mtunzi anapata. Filamu ikitaka kutumia rekodi yako inabidi iombe ruhusa mbili, ya masta na ya utunzi. Ndo maana Taylor Swift masta zake za kwanza zilipouzwa 2019 aliweza kurekodi albamu upya, rekodi zilikuwa za wengine lakini nyimbo kaziandika yeye. Kwako wewe unayeandika kila kitu mwenyewe, huo ukurasa wa utunzi ni mzito kuliko hata ule wa masta na nashangaa lebo inautaka bila kueleza itaufanyia kazi gani.

Ningekuwa wewe ningewajibu hivi. Utunzi unabaki kwangu, utoke kabisa kwenye mkataba huu. Masta ziwe zangu, nyie nawapa leseni ya kuzitoa kwa miaka kadhaa, ikiisha zinarudi. Albamu moja kwanza, ya pili tukikubaliana pande zote. Deni la albamu lisivuke albamu. Na wimbo mkiukataa nina uhuru wa kuutoa mwenyewe ndani ya muda tutakaoandika. Lebo nyingi huru zinafanya kazi kwa leseni hivyo hujaomba kitu kisichowezekana. Halafu kabla hujatuma mpe mwanasheria anayejua muziki aupitie, sio mwanasheria wa lebo, wako.

Wakikataa vyote vitano umeshajua walikuwa wanataka nini.

---

Binti wa Mikisa

Nakazia hapo kwa mwanasheria. Na wakati unasubiri majibu yao usikae, ile demo ipandishe nyimbo mbili tatu sehemu ya kununua ilimradi hujasaini kitu kinachokuzuia, anza daftari lako.

---

Nyuzi Sita (mleta mada)

Nimewaandikia. Nimeweka ile mitano kama alivyoipanga Besi Nzito, ya utunzi nimeiweka ya kwanza. Nimeongea pia na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, ni mhasibu na shoo zangu huwa hakosi, amekubali kubeba simu na hesabu kwa asilimia tutakayoandikiana.

Kapo ya Tatu nimelegeza uzi wa sita mpaka D na nimepanga nyimbo nne zifuatane kwenye tyuningi hiyo. Ile ya kukata sauti kwa kiganja bado inanitoroka nikianza kuimba, mkono unafuata mdomo. Kuna zoezi la kutenganisha hivyo viwili?

---

Kapo ya Tatu

Lipo. Piga ule mzunguko wa gitaa taratibu sana huku unaongea, hata usome gazeti kwa sauti, mpaka mkono usikusikilize. Ndo uingize maneno ya wimbo bila melodi, halafu melodi mwishoni. Mwendo uwe nusu ya kawaida na usiongeze mpaka ile "chk" iwe inatua palepale kila mara. Ukikwama rekodi kwa simu kipande kifupi ukiweke hapa tukisikilize.